Utumbo wa Kiwalani

Wanawake wengine wa Kiwalani hununua kuku kwa kumpapasa kifua. Mwajabu Mwinshehe huanzia chini ya shingo, pale nafaka inapokaa kabla ya kushuka kwenye firigisi, na pakiwa pamejaa humrudisha kuku bandani hata awe amenona namna gani. Anamtaka mwenye njaa. Kuku aliyeshiba ana utumbo mchafu, na Mwajabu haji sokoni kwa ajili ya nyama.

Alhamisi ile alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chupa ya chai kwapani. Chupa hiyo haijawahi kubeba chai.

"Shikamoo, dada Mwaja," alisema Bakari, mchinjaji, akinoa kisu.

"Marahaba. Nani hajala?"

"Hapa hakuna aliyekula, hata mie mwenyewe." Bakari alimtoa jogoo mdogo mwekundu. "Ila nyie Wazaramo nyie. Wenzako wanachukua nyama wanatuachia utumbo, wewe unachukua utumbo unatuachia nyama. Nani kawaloga?"

"Watani zetu Wanyamwezi. Chinja, acha maneno. Leo nina kesi."

"Kesi na nani?"

"Na daktari."

"Kwani unaumwa?"

"Yeye ndiye atakayeumwa."

Bakari alicheka, akapiga bismillahi, akachinja. Kabla kuku hajatulia vizuri, Mwajabu alikuwa amekwishakata kipande chake, shubiri moja ya utumbo wa mwishoni, amekitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya baridi, amekaza kifuniko. Nyama ilifungwa kwenye mfuko mweusi, ya Anastasia, mhudumu wa chuo, ambaye kwa miaka kumi na mitano ameishi na Mwajabu kama ndugu na kula kuku wengi wasio na utumbo.

Kutoka sokoni hadi chuo cha famasia ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, ukikatiza uchochoro hadi barabara ya Pugu. Mwajabu aliutembea akiwa amenyoosha shingo. Siku hiyo ndiyo ingeamua kama kesho yake, Ijumaa, meza namba sita ya maabara ingebebwa kupelekwa stoo, na yeye Jumatatu kuhamishiwa masjala, kupanga mafaili hadi astaafu.

Meza namba sita ilikuwa imemfanya alivyo. Miaka ishirini na moja iliyopita aliingia chuoni hapo, binti wa Gongo la Mboto aliyeishia kidato cha nne, akiwa na ndoo na dekio. Siku moja alimwambia profesa mzee, aliyeitwa Mwalimu na kila mtu, "Mwalimu, kitu chako kinacheza."

"Kinacheza vipi?"

"Kilikuwa kinacheza taratibu, sasa kimekaza."

Mwalimu alikwenda kuangalia, akakuta mwanafunzi amesahau kuosha dawa kwenye utumbo alioning'iniza. Kisha akamwambia yule mfagiaji aweke dekio chini, avute kigoda. Ndivyo Mwajabu alivyojifunza kufukiza karatasi kwa moshi wa kibatari hadi iwe nyeusi, ili kalamu iandike mstari mweupe juu ya masizi. Baadaye ikaja mashine ya wino, baadaye cheti cha ufundi wa maabara, baadaye Mwalimu akastaafu, akafariki. Meza ikabaki kwa Mwajabu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Kipande cha utumbo kinafungwa uzi huku na huku, kinaning'inizwa ndani ya bomba la kioo linaloitwa bafu, lenye maji ya chumvi ya vuguvugu, hewa ikipulizwa na pampu ya tangi la samaki wa mapambo. Uzi wa chini unashikizwa, wa juu unafungwa kwenye mkono mwepesi wenye kalamu. Utumbo ukikaza, kalamu inapanda kwenye karatasi inayotembea. Unatia dawa tone dogo, unahesabu sekunde thelathini, unapima kalamu imepanda milimita ngapi, unamwaga, unaosha mara tatu, unasubiri utumbo utulie. Kisha unatia dozi maradufu. Unaendelea hivyo mpaka ufike mahali ambapo hata uongeze vipi, kalamu haipandi tena. Ukivichora vipimo hivyo vyote unapata mstari unaoanza kwa kusitasita, unapanda kwa kasi, halafu unalala. Humo ndimo dawa inaposema ukweli wake: inafika juu kiasi gani, na inataka dozi gani kufika nusu ya njia.

Kila mwaka wanafunzi humuuliza kwa nini mstari unalala, na Mwajabu huwajibu kwa namna ambayo haimo kitabuni.

"Mmeshawahi kwenda kwenye shughuli uswahilini? Viti vimekodiwa hamsini. Kila kiti ni kipokezi, kimo kwenye ukuta wa seli. Akikaa mwanamke anayejua kucheza, uwanja unachangamka. Wakishakaa hamsini, hata ukileta mia, uwanja ni uleule, viti vimekwisha. Sasa anakuja shoga mmoja hapendi shughuli. Anakaa, kanuna, pochi mapajani. Hachezi, ila kiti kakishika. Huyo ni dawa ya kuzuia. Unamshindaje? Walete wachezaji wengi zaidi, maana hapa watu wanainuka na kukaa, akiinuka tu kwenda msalani, kiti kishakaliwa. Na yupo mwingine, anakaa anapiga makofi mawili matatu ya uvivu. Mjazie uwanja mzima watu wa namna hiyo. Shughuli ipo, lakini si shughuli."

Wanafunzi hucheka, na kwenye mtihani hawakosi swali hilo.

Daktari Gozbert, mkuu mpya wa idara, hakucheka. Alikuwa amekaa nje miaka tisa, akarudi na programu ya kompyuta ambamo mwanafunzi anabofya na utumbo wa kwenye kioo unakaza, kila mara sawasawa, bila kuoza wala kunuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu, maana wanafunzi walikuwa wengi na meza moja. Lakini kwenye kikao cha idara alisema jambo ambalo hakulipima kabla ya kulitoa.

"Hatuwezi kuendelea na utumbo wa kuku wa sokoni. Wenzetu wanatumia simbilisi waliofugwa kwa kazi hiyo. Hiki tunachofanya hapa, mnisamehe kwa lugha, ni utumbo."

Watu waliangua kicheko, kwa sababu Dar es Salaam nzima inajua utumbo ni upuuzi pia. Mwajabu alisubiri kicheko kiishe, akasimama.

"Daktari, nitayarishie chupa nne. Usiziandike majina, ziandike namba. Tia unachotaka. Alhamisi nitakuambia kilichomo."

"Bi Mwajabu, haya si mashindano."

"Wewe umeshaanza. Mie najibu."

Gozbert aliitazama meza ya kikao, akaona kila mtu anamsubiri yeye. "Na ukikosa?"

"Nikikosa hata moja, meza hiyo naibeba mwenyewe hadi stoo."

"Ukipata?"

"Meza haiendi popote. Na mie siendi popote."

Majina ya dawa yaliandikwa kwenye karatasi, ikatiwa kwenye bahasha, akakabidhiwa Yustina, mhadhiri ambaye hakuwa upande wa mtu.

Sasa Alhamisi imefika. Saa mbili kasorobo Mwajabu alikuwa ameshaning'iniza utumbo wake. Akatia asetilikolini ya kujaribia, aliyoitengeneza asubuhi hiyohiyo na kuilaza kwenye barafu. Hiyo ndiyo dawa anayoitumia kuupima utumbo kabla utumbo haujapima kitu kingine. Kalamu ilipanda milimita sitini na mbili. Aliridhika. Akaona tangi la juu, linaloshusha maji ya chumvi kwenye bafu, limebaki nusu. Mikono yake ilikuwa imeshika uzi wa kipande cha akiba, na Anastasia alikuwa anapita na ndoo.

"Dada Ana, nijazie maji ya chumvi hapo juu, nina mikono miwili tu."

"Nakujazia, mwaya."

Gozbert aliingia saa mbili kamili na Yustina na wahadhiri wengine wawili waliokuja kuona. Mwajabu aliwasalimu, akarudia dozi ya kujaribia ili waione kwa macho yao.

Kalamu ilipanda milimita thelathini na moja.

Aliosha, akasubiri, akarudia. Ishirini na saba.

"Kuku wako kachoka," alisema Gozbert, kwa upole unaoudhi kuliko dharau. "Ndilo nililosema kikaoni. Leo hivi, kesho vile."

"Hajachoka."

"Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Nipe dakika."

Aliivuta karatasi nyuma hadi ule mstari wa asubuhi. Sitini na mbili. Utumbo uleule, dawa ileile, kipimo kilekile, joto halijabadilika, pampu inabwabwaja kama kawaida. Kati ya mlima wa kwanza na wa pili kilikuwa kimebadilika kitu kimoja. Alichovya kidole kwenye tone lililokuwa linakauka ubavuni mwa tangi, akalisugua. Liliacha ukurutu mweupe, mgumu, kama ule unaoganda kwenye sufuria za Kiwalani nzima.

"Dada Ana," aliita. "Yale maji umeyatoa wapi?"

Anastasia alijitokeza mlangoni. "Kisimani, hapo nyuma. Bomba si limekatika tangu Jumanne."

"Nilikuwa na dumu langu stoo ya ndani."

"Lile? Lile jana si nilikuona unalitia sukari." Anastasia alimtazama, akawatazama wageni, akamrudia. "Wewe si umesema ya chumvi? Ya chumvi ni ya kisima. Ya chai tunaita matamu. Au mie ndiye nimekuja mjini jana kutoka Masasi?"

Yustina aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Hata Mwajabu alibana midomo. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa akilijaza tangi hilo kwa mkono wake, na hakuwahi kufikiri kwamba nje ya mlango wa maabara maneno yake yana maana nyingine, maana ambayo yeye mwenyewe huitumia kila jioni akirudi nyumbani kufua.

"Hujakosea, dada. Nimekosea mie," alisema.

"Basi," alisema Gozbert, akifunga daftari. "Tukubaliane jaribio limeharibika."

"Nani kaliharibu? Utumbo?" Mwajabu alikuwa ameshalegeza bomba, maji ya kisima yanashuka kwenye ndoo. "Utumbo umekataa maji mabaya, Daktari. Yana magnesi imezidi, hayana sukari, na chumvi zake si za kipimo. Ungekuwa utumbo mbovu usingejua tofauti. Kaeni. Viti vipo."

Walikaa. Alilitoa dumu lake stoo ya ndani, maji yaliyochemshwa na kukamatwa mvuke wake, chumvi sita na sukari aliyoipima mwenyewe jana yake. Alisuuza tangi, akasuuza bomba, akasuuza bafu mara nne. Alisubiri nusu saa, na hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe. Kisha akatia dozi.

Hamsini na nane. Akaosha. Sitini na moja.

"Haya," alisema. "Namba moja."

Namba moja ilipandisha kalamu kwa dozi ndogo, ikapandisha zaidi kwa dozi kubwa, ikafika juu kabisa, na ilipooshwa ilichukua muda kuachia. "Mchezaji kamili. Tena king'ang'anizi, hataki kuinuka."

Namba mbili haikufanya kitu. Wahadhiri wawili walitazamana. Lakini Mwajabu aliiacha ndani ya bafu, akaanza kutia asetilikolini juu yake. Dozi iliyokuwa inatoa hamsini ikatoa mbili. Maradufu, ikatoa tano. Akaendelea kupandisha, na alipofika mara kumi ya dozi ya kwanza kalamu ilirudi hamsini. Akapandisha tena, ikafika sitini. Mstari wote ulikuwa umesogea kulia, umbo lilelile, kilele kilekile. "Huyu kanuna, pochi mapajani. Kashika viti, ila hakuvunja hata kimoja."

Aliuosha utumbo mara sita, akauacha upumzike, na ulipogoma kurudi sawasawa akaubadilisha na kipande cha akiba, akaanza upya kukipima mbele yao. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka msikitini. Hakuna aliyeondoka.

Namba tatu ilipandisha kalamu hadi thelathini. Akaongeza dozi mara mbili, mara nne, mara nane. Thelathini, thelathini na moja. Akaiacha humo, akatia asetilikolini ya dozi ya kawaida juu yake, na kalamu haikufika pale ilipozoea kufika. "Anapiga makofi ya uvivu. Halafu anawabania wenye kucheza."

Gozbert alikuwa ameacha kukaa. Alikuwa amesimama nyuma yake, mikono nyuma.

Namba nne haikupandisha kitu. Mwajabu aliongeza hadi dozi ambayo angekuwa na aibu kuieleza kwa mwanafunzi. Kalamu ilitetemeka kidogo tu. Akatia asetilikolini yake mwenyewe juu ya hiyo. Ikapanda sitini kama kawaida. Haikuzuia, haikusaidia. Aliosha, akairudia yote tangu mwanzo. Vilevile.

"Hamna kitu," alisema.

"Una uhakika?" aliuliza Yustina.

"Labda kilikuwepo. Sasa hakipo. Humu mna maji."

Yustina alifungua bahasha, akasoma polepole. Namba moja, kabakoli, dawa ya kukaza. Namba mbili, atropini, ya kuzuia. Namba tatu, dawa dhaifu ya jamii ya kabakoli, ambayo Daktari alirudi nayo kutoka nje. Zote tatu zilikuwa kama Mwajabu alivyosema.

"Namba nne, asetilikolini."

Mmoja wa wahadhiri alikohoa. Anastasia, aliyekuwa ameegemea fremu ya mlango tangu saa nne, alisema taratibu, "Yallah," naye ni Mkatoliki.

"Umekosa moja, Bi Mwajabu," alisema Gozbert. Hakuwa na furaha usoni. "Makubaliano yalikuwa yako."

"Sijakosa."

"Karatasi hii niliiandika mimi."

"Karatasi haina utumbo, Daktari." Alisema bila kupandisha sauti, na safari hii hakuna aliyecheka. "Chupa hizi ulizitengeneza lini?"

"Jumatatu. Zote pamoja."

"Kwa maji gani?"

"Haya haya yako ya chumvi."

"Yenye bikaboneti. Ukaziweka wapi?"

Gozbert alianza kujibu, akasita. "Mezani kwangu."

"Jumatatu mpaka Alhamisi, mezani, Dar es Salaam, mwezi wa pili, ofisi yako feni imekufa. Hizo nyingine zinavumilia. Asetilikolini haivumilii bikaboneti na joto, inavunjika yenyewe. Yangu naitengeneza kila siku na kuilaza kwenye barafu, wewe ulidhani napenda barafu?" Aliichukua sindano ya kupimia, akamwelekezea yeye. "Usiniamini mie. Tia mwenyewe."

Gozbert aliitazama sindano ile. Kisha alivua saa, akakunja mikono ya shati, akavuta dozi kutoka chupa namba nne, akaitia kwenye bafu. Alihesabu kwa sauti ya chini hadi thelathini. Kalamu ilichora mstari ulionyooka kama barabara. Akaosha. Aliosha vizuri, mara tatu, Mwajabu aliliona hilo. Akaenda kabatini, akachukua unga wa asetilikolini uleule aliotumia Jumatatu, akapima, akakoroga upya, akatia.

Kalamu ilipanda. Hamsini na tisa.

Alisimama akiuangalia mlima ule kama mtu aliyesomewa barua aliyoiandika mwenyewe na kukuta imesema kingine.

"Programu yako," alisema Mwajabu, "ungeiambia namba nne ni asetilikolini, nayo ingekuchorea mlima. Ingekuamini. Huyu wa Bakari hakuamini mtu."

Gozbert alichukua orodha ya vifaa vya stoo kutoka kwenye daftari lake. Alikata mstari wa meza namba sita kwa kalamu, akaweka saini pembeni. Alikuwa anaikunja Mwajabu alipomnyooshea kiganja.

"Na barua yangu ya masjala."

"Bi Mwajabu, ile iko utawala."

"Utawala ni ghorofa ya pili. Twende, mie sina haraka."

Walipanda ngazi pamoja, yeye mbele. Waliporudi barua ilikuwa vipande viwili, na Gozbert alikuwa anauliza kama kuku wa Bakari hupatikana pia siku za Jumamosi, maana angependa kuona mara moja jinsi anavyochaguliwa. Mwajabu alimjibu kwamba aje saa kumi na mbili na nusu, na viatu vya tope, na kwamba pale sokoni huyo muuzaji hana adabu kwa wasomi.

Kabla ya kuondoka alichukua kalamu ya wino mzito na kipande cha plasta. Anastasia alidhani anabadilisha jina la dumu, alipendekeza aandike "maji ya maabara", au "maji ya dawa", kitu ambacho mtu hawezi kukichanganya.

"Nibadilishe mie?" alisema Mwajabu. "Kisima ndicho kibadilishe."

Akaandika kwa herufi kubwa, akabandika juu ya tangi, na hadi leo bado ipo: MAJI YA CHUMVI YA MWAJABU. YA KISIMA YAKAFUE.

"Sasa nipe kuku wangu," alisema Anastasia, "kabla hajaoza kwa sayansi."

Mfuko mweusi ulikuwa kwenye friji ya maabara, nyuma ya barafu ya asetilikolini, umefungwa vizuri, na juu yake Mwajabu alikuwa ameshaandika namba tano.